Midomo Iliyopasuka: Sababu Zake, Dalili Zake na Kinga Yake



Katika gazeti letu tumesoma mara nyingi habari za malaria, za minyoo na za kuhara. Ni sawa, maana hayo ni maradhi makubwa. Lakini liko jambo dogo ambalo hutusumbua kila mwaka sisi tunaokaa huku Kigezi, hasa kiangazi cha kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti. Nalo ni vidonda vya midomo. Ni nadra mtu kufa kwa sababu ya midomo iliyopasuka. Walakini huweza kushindwa kula, kucheka, kuimba na hata kusoma kwa sauti darasani. Na lililo baya zaidi, huweza kutengwa na wenzake kwa kosa asilolitenda.

Nayajua hayo kwa kuwa yalinipata. Nilipokuwa Kidato cha Pili, pembe zote mbili za mdomo wangu zilichanika. Kila nilipopiga miayo zilitoka damu, na asubuhi nilikuta zimefanya gaga la rangi ya manjano. Mezani wenzangu wakaanza kusogeza vikombe vyao mbali na changu. Usiku mmoja bwenini nikasikia mtu akisema, kwa sauti ambayo alijua naisikia, kwamba mimi nina UKIMWI. Tangu siku hiyo nikawa siendi tena kula chakula cha jioni. Nilikunywa maji, nikalala. Vidonda vikazidi.

Baada ya wiki tatu kiranja wetu alinishika mkono akanipeleka zahanati. Bibi muuguzi alinitazama, kisha badala ya kuniuliza habari za vidonda akaniuliza, "Mwanangu, jana umekula nini? Na juzi?" Nikamwambia, "Sista, nimekula posho na maharage, lakini maharage nilimpa mwenzangu kwa sababu chumvi yake yaniuma." Akatikisa kichwa, akaniketisha, akanieleza mambo ambayo tangu hapo sijayasahau. Hayo, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye, ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo.

MDOMO ULIVYO

Kwanza yafaa tujue kwa nini mdomo hupasuka upesi kuliko shavu au paji la uso. Ngozi ya mahali pengine mwilini ina matabaka mengi, tena ina matezi ya jasho na ya mafuta yanayoilainisha. Sehemu ile nyekundu ya mdomo haina vinyweleo wala matezi ya jasho, na mafuta yake ni haba mno. Ngozi yake ni nyembamba hata damu iliyo chini yake yaonekana, na ndiyo sababu ya wekundu wake. Tena haina rangi nyingi ile inayoikinga ngozi na jua. Basi mdomo ni kama mlango usio na baraza: jua, upepo na baridi huufikia moja kwa moja.

SABABU ZA KWANZA: UPEPO, JUA NA ULIMI

Mji wa Kabale uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa Julai baridi ni kali, na mchana upepo mkavu huvuma. Upepo huo hunyonya maji ya mdomo, ngozi ikakauka, ikabambuka, kisha ikapasuka. Watu wengi hudhani kwamba palipo na baridi jua halina nguvu. Sivyo. Kila tupandapo meta 1,000, mionzi mikali ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo mwanafunzi achezaye mpira hapa adhuhuri, hata kama hasikii joto, mdomo wake hupigwa na mionzi hiyo kuliko kama angekuwa chini Mombasa, mbingu ikiwa ni safi namna ile ile.

Mdomo ukikauka, jambo la kwanza tunalofanya wote ni kuulamba. Hilo ndilo kosa. Mate hulainisha kwa dakika moja tu, kisha hukauka na kuondoka pamoja na maji kidogo yaliyokuwamo katika ngozi. Zaidi ya hayo, mate yana vitu vya kuyeyusha chakula; vitu hivyo vikikaa juu ya ngozi nyembamba huichoma. Mtu akizoea kulamba, huona duara jekundu au jeusi limeuzunguka mdomo wake kwa kadiri ile ile ulimi unapofika. Wengine tena hung'oa magamba kwa meno wakiwa wanasoma. Wanang'oa gamba kavu pamoja na ngozi nzima, na hapo huanza kidonda.

Kuna na visababu vingine vidogo ambavyo sisi wanafunzi hujiletea wenyewe. Tunamenya muwa kwa meno, na ganda lake lenye makali hutukata pembeni mwa mdomo. Tunamenya embe kwa meno, nasi hatujui kwamba utomvu wa ganda la embe na wa kikonyo chake huweza kuwasha na kuunguza midomo ya baadhi ya watu, hata ikavimba. Mwenye tabia hiyo ya mwili yampasa amenye embe kwa kisu, aoshe mikono, ndipo ale. Wengine huwashwa na rangi ya midomo au dawa ya meno ya namna fulani. Dawa yake ni kuacha kitu hicho na kutazama kama midomo itapona.

SABABU YA PILI: CHAKULA

Hapa ndipo bibi muuguzi aliponikamata mimi.

Mwili wahitaji vitamini kidogo kidogo kila siku. Mojawapo ni ile iitwayo riboflavini, yaani vitamini B2. Wataalamu wa Ujerumani waliipata ikiwa safi mwaka 1933. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Marekani, Sebrell na Butler, walitoa habari za wanawake waliopewa chakula chenye upungufu wa vitamini hiyo. Midomo yao ilikuwa mekundu, ikabambuka, na pembe zikachanika. Walipopewa riboflavini wakapona. Hivyo ikajulikana wazi kwamba ufa wa mdomo huweza kuanzia katika sahani.

Kijana ahitaji riboflavini kama miligramu 1 na kidogo kwa siku. Kipimo hicho ni kidogo mno. Kikombe kimoja cha maziwa huweza kutoa karibu theluthi yake. Imo pia katika mayai, maini, dagaa (huku kwetu twawaita mukene) na mboga za majani kama mchicha, tunaouita dodo. Vitamini hii ina adui mmoja, naye ni mwanga. Maziwa yakiwekwa juani katika chupa nyeupe, sehemu ya riboflavini yake hupotea. Basi yafaa kuyaweka kivulini.

Posho yetu ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini unga wa mahindi uliokobolewa sana hadi ukawa mweupe kama chokaa umeondolewa pumba na kiini, na vitamini nyingi zilikuwa humo. Tena mahindi yana tabia moja ya ajabu: vitamini iitwayo niasini imo ndani yake, lakini imefungwa kwa namna ambayo matumbo yetu hayawezi kuipata yote. Mtu akila mahindi peke yake kwa miezi, huweza kuugua pelagra. Ngozi iliyopigwa na jua hugeuka kuwa nyeusi na kubambuka, ulimi na mdomo huwa wekundu na kuuma, huharisha, na mwisho akili huvurugika.

Ugonjwa huu si hadithi za mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Daktari Stannus aliandika habari zake alipokuwa akifanya kazi Nyasaland, ambayo leo ndiyo Malawi. Alikuwa ameuona kwa wafungwa. Na katika nchi hiyo hiyo ya Malawi, mwaka 1990, wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakigawiwa mahindi walikosa karanga kwa muda wa miezi. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini. Kati ya mwezi wa Februari na Oktoba wa mwaka huo, watu karibu 18,000 waliugua pelagra. Hawakukosa chakula cha kujaza tumbo. Walikosa kitoweo.

Tazameni basi thamani ya karanga. Gramu 100 za karanga zina karibu miligramu 12 za niasini, na kijana mwanamume ahitaji kama 16 kwa siku. Mama anayeturoweshea mchuzi wa karanga juu ya viazi ametupa dawa bila kuiita dawa.

Madini ya chuma nayo yakipungua damu huwa haba, na pembe za mdomo huchanika. Chuma imo katika nyama, maini, maharage na mboga za majani. Mwili huipokea vema zaidi chuma ya maharage kama tukila pamoja na chungwa, limau au nyanya. Lakini chai tuinywayo pamoja na chakula huizuia. Ni afadhali chai ingoje saa moja.

SABABU YA TATU: VIJIDUDU

Pembeni mwa mdomo, midomo miwili ikutanapo, mate hukusanyika. Mahali penye maji maji daima hupendwa na vijidudu. Kuvu iitwayo kandida na bakteria za ngozini huingia katika ufa na kuuzuia usipone. Ndiyo maana yafaa kuzitazama sababu hizi pamoja: upepo hufungua mlango, chakula haba huudhoofisha ukuta, kisha vijidudu huingia na kukaa.

Hapa nawakumbuka wazee wetu waliosoma shuleni hapa zamani. Mtu aliyeng'oka meno mengi, au mwenye meno ya bandia yasiyomkaa vizuri, mashavu yake hushuka na pembe za mdomo hukunjana. Mate hukaa katika makunyanzi hayo, na vidonda haviishi hata akipaka nini. Mzee huyo yampasa kumwona daktari wa meno, ayavue meno yake usiku na kuyasafisha kila siku. Tena apimwe kisukari, kwa maana mwenye sukari nyingi katika damu hushambuliwa na kuvu kwa urahisi.

Namna nyingine ya vidonda ni malengelenge ya homa. Hayo huletwa na virusi viitwavyo herpesi. Kwanza mtu husikia mahali fulani pa mdomo pakimwasha na kumchonyota, kwa kawaida upande mmoja. Kisha hutoka vijilengelenge vyenye maji, vikiwa vimeshikana kama shada. Vikipasuka hufanya kidonda, halafu gaga, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi hupona bila kuacha kovu. Lakini virusi havitoki mwilini. Hujificha katika mishipa ya fahamu, vikangoja siku ambayo mwili umechoka, umepata homa au umechomwa na jua, ndipo hutoka tena. Wazee husema kwamba malaria "imetokea mdomoni." Kwa kweli malaria haitoki kwa njia hiyo, homa yake ndiyo iliyoviamsha virusi vilivyokuwa vimelala. Kwa hiyo mtu mwenye malengelenge na homa asifurahi kwamba ugonjwa umekwisha toka. Na aende akapimwe damu.

Tena asiwepo wa kumwonea haya. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu bilioni 3.8 wenye umri wa chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wana virusi hivi vya namna ya kwanza. Wengi waliambukizwa wakiwa watoto wadogo, kwa kubusiwa na shangazi au mjomba, na wengi hawajaona lengelenge hata moja.

DALILI, KWA UFUPI

Ili tusichanganye mambo, nazipanga hapa:

1. Midomo yote mikavu, yenye magamba na nyufa nyembamba: yaelekea ni upepo, jua au kulamba.

2. Pembe mbili zimechanika, ni nyekundu, zina gaga: fikiria mate, kuvu, bakteria na upungufu wa vitamini au chuma.

3. Malengelenge madogo yaliyoshikana, yaliyotanguliwa na kuchonyota: ni herpesi.

4. Midomo imevimba ghafla na kuwasha baada ya kula au kupaka kitu: mwili umekikataa kitu hicho. Kama pumzi zabana au ulimi wavimba, usingoje. Kimbilia hospitali saa ile ile.

5. Kidonda kimoja kigumu, hasa mdomo wa chini, kisichopona kwa wiki mbili au tatu: nenda hospitali. Jua la miaka mingi na tumbaku huweza kuleta saratani ya mdomo. Ndugu zetu wenye ualbino wamo hatarini zaidi ya wote, nao yawapasa kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya kuzuia jua tangu utotoni.

JE, NI UKIMWI?

Swali hili ndilo lililoninyima usingizi, basi nalijibu waziwazi. Ni kweli kwamba mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua huweza kupata vidonda vya mdomo mara kwa mara. Lakini hakuna mtu awezaye kumtazama mwenzake mdomoni akajua hali ya damu yake. Kipimo pekee ni cha kupimwa. Tena VVU haviambukizi kwa kikombe, kwa sahani wala kwa kukaa meza moja. Mimi nilipimwa, nikakutwa sina. Lakini kama ningekutwa navyo, kikombe changu kisingemdhuru mtu yeyote, na bado ningehitaji kula.

KINGA

Mambo ya kufanya ni mepesi, wala hayahitaji fedha nyingi.

Tunywe maji ya kutosha hata siku za baridi ambapo kiu haisikiki. Kabla ya kulala, na kabla ya kutoka nje asubuhi, tupake midomo mafuta mazito kidogo: vazelini, au nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kula, au mafuta ya shea yanayokamuliwa na akina mama wa Acholi na Lango. Mafuta hayaponyi kidonda chenyewe. Kazi yake ni kuyafungia maji ndani ya ngozi. Kwa hiyo ni bora kupaka mara tu baada ya kunawa uso. Tusichovye kidole katika kopo la mwenzetu mwenye vidonda.

Mchana tuvae kofia. Ulimi ukae ndani, na magamba tuyaache yaanguke yenyewe.

Mwenye malengelenge asibusu mtu, hasa mtoto mchanga, maana virusi hivyo huweza kumwua mtoto wa siku chache. Asiazime kikombe, kijiko, taulo wala wembe. Baada ya kugusa kidonda anawe mikono kwa sabuni, wala asiguse macho. Herpesi ikiingia jichoni huweza kulipofusha. Akisikia tu ule mchonyoto wa kwanza amwone mganga, kwa sababu dawa ya asiklovia husaidia zaidi ikianzwa mapema. Na kila mmoja wetu awe na kikombe chake, kwa usafi na si kwa kumtenga mtu.

Kwa vidonda vya pembeni, muuguzi hutoa dawa ya kupaka ya kuua kuvu au bakteria, kwa jinsi aonavyo. Tusijitie limau, chumvi, majivu wala dawa ya meno. Vitu hivyo huchoma tu, na mtu hudhani kuchoma ndiko kupona.

Na juu ya yote, chakula. Shamba dogo la mchicha nyuma ya jiko, karanga katika maharage mara mbili kwa wiki, mukene waliosagwa na kutiwa katika mchuzi, uji wa bushera wa mtama asubuhi: hivi vyote vyapatikana katika soko la hapa hapa. Ninyi wazee wetu mnaoliletea gazeti hili michango yenu, mkitaka kuikumbuka shule, mfuko mmoja wa karanga si zawadi ndogo.

NENO LA MWISHO

Mimi nilipona katika siku kumi na mbili. Bibi muuguzi alinipa dawa ya kupaka na vidonge vya vitamini, ambavyo viliugeuza mkojo wangu kuwa wa manjano sana hata nikaogopa. Akacheka, akaniambia ni riboflavini iliyozidi inatoka. Lakini mimi nasema dawa ya kwanza ilikuwa yule kiranja. Jioni ile tuliporudi kutoka zahanati aliketi karibu nami mezani, akachukua kikombe changu mbele ya watu wote, akakiosha kwa sabuni, akakijaza maji, akanywa. Hakusema neno. Kesho yake vikombe vya wenzangu vilikuwa vimerudi mahali pake, nami nikala maharage yangu yote, ingawa chumvi iliniuma.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa mdomo huzibwa kwa mafuta, mboga na dawa. Ufa ulio kati ya mtu na mwenzake huzibwa kwa kumkaribia. Mkiona mwenzenu amepasuka midomo kiangazi hiki, msimcheke. Mwulizeni kwanza amekula nini, kisha mpelekeni zahanati.